Mizani Iko Malaba, Programu Iko Kampala

Kuunganisha programu ya wavuti na hifadhidata ya mtu mwingine huchukua mchana mmoja. Unapakua draiva, yaani programu ndogo inayozungumza na hifadhidata, unaweka faili lake la JAR (kifurushi cha msimbo wa Java) mahali pake, unaandika anwani, jina la mtumiaji na nywila, unajaribu SELECT moja, amri ya kusoma data, namba zinatokea kwenye skrini. Mteja anafurahi, chai inaletwa. Baada ya hapo ndipo unapokutana na yale ambayo maelezo ya draiva hayakuyasema: kwamba umeunganisha vitu viwili ambavyo kila kimoja kina mwenyewe, kina kalenda yake ya kubadilika, na hakuna atakayekupigia simu kabla ya kubadilisha chochote.

Mimi huandika programu za kampuni za uchukuzi na maghala hapa Kampala. Wateja wangu wengi wanaishi kwa barabara ya Mombasa. Malori yanaingia Malaba, mpakani na Kenya, yanapita Tororo, Iganga na Jinja, mengine yanashusha mzigo Kampala, mengine yanaendelea hadi Kigali, Juba au mashariki mwa Kongo. Kazini tunaongea Kiswahili kuanzia kwa turniboi hadi kwa mwenye mali, na Kiganda tunakiacha kwa mambo ya mtaani. Mzee mmoja mwenye yadi Malaba na ofisi Kampala aliniita mwaka 2020 akiwa na ombi fupi.

“Kijana wangu,” akasema, “nataka nikifungua simu asubuhi nione lori limepimwa kilo ngapi, na mteja amelipishwa kilo ngapi. Hizo mbili zikigombana, nijue siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi ni kuchelewa.”

Yadi yake ina mizani yake kwa sababu wanachanganya mizigo ya wateja kadhaa kwenye lori moja, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa jumla. Lori likizidisha na kukamatwa kwenye mizani ya serikali, hasara ni ya mzee. Kwa hiyo uzito ulikuwa unaandikwa kwa makini sana Malaba, na ankara zinaandikwa kwa makini vilevile Kampala, na hayo mawili hayajawahi kuonana.

Upande wa Malaba, programu ya mizani ilikuwa inaandika kwenye faili la Microsoft Access lililokaa ndani ya kompyuta moja ya Windows, karibu na dirisha, na vumbi la malori lote likiingia humo. Upande wa Kampala, programu ya uhasibu ilitumia SQL Server Express, hifadhidata ya Microsoft yenye seva yake. Palikuwepo pia jaribio la fundi aliyenitangulia: ukurasa ulioandikwa kwa Java, ukisoma faili la Access kupitia lile daraja la zamani la JDBC na ODBC.

Hapa nisimame kidogo kwa wale ambao hawakupitia enzi hizo. ODBC ilitoka Microsoft mwaka 1992: mapatano kwamba programu itoe amri za aina moja, na draiva ya kila hifadhidata izitafsiri kwa lugha ya ndani ya hifadhidata hiyo. Kampuni ya Sun, waliotengeneza Java, wakaleta wazo hilohilo kwenye Java mwaka 1997, wakaliita JDBC. Kwa kuwa mwanzoni madraiva ya JDBC yalikuwa machache, wakatoa daraja: amri ya Java inaingia upande mmoja, inatokea upande wa pili kama amri ya ODBC. Daraja hilo lilikusudiwa kuwa la muda. Mwaka 2014 Java 8 ilipotoka, likaondolewa kabisa.

Ndiyo sababu seva ya mzee ilikuwa bado iko kwenye Java 7. Kila aliyejaribu kupandisha toleo aliona ukurasa wa mizani umekufa, akarudisha ya zamani, akanyamaza. Seva nzima, pamoja na programu nyingine ambazo hazikuwa na habari na Access, ilifungwa na faili moja lililokuwa zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Nimeona hali kama hiyo kwa wateja wengine pia, na siku hizi nikikuta seva imebaki nyuma sana bila sababu inayojulikana, natafuta kwanza draiva.

Badala ya daraja tulichukua UCanAccess, draiva huria iliyoandikwa yote kwa Java, isiyohitaji ODBC wala hata Windows. Ni kitu kizuri, ila ujue kinavyofanya kazi kabla ya kukipenda. Haiji peke yake: inategemea Jackcess ya kusoma muundo wa faili, HSQLDB ambayo ni hifadhidata ndogo ya Java, na maktaba mbili za Apache Commons. Ukisahau JAR moja kati ya hizo, kosa unaloliona linataja darasa usilolijua na halisemi neno lolote kuhusu Access. Halafu, ukifungua muunganisho wa kwanza, draiva hii inanakili data ya faili na kuiweka ndani ya HSQLDB, kwa kawaida kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha maswali yako ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, yanajibiwa kutoka kwenye nakala hiyo. Faili dogo, huhisi kitu. Faili la miaka ya mizani, unangoja, na kumbukumbu ya seva inapanda.

Tukiwa kwenye JAR, kuna ujumbe mmoja ambao kila mtu wa Java ameuona: “No suitable driver found”. Watu hukimbilia kupakua draiva upya. Mara nyingi draiva ipo. Ama anwani imekosewa mwanzoni, herufi moja tu baada ya “jdbc:”, na hakuna draiva inayokubali kuwa ni yake. Ama JAR imewekwa mahali ambapo anayeitafuta haoni. Kwenye Tomcat, seva ya kuendesha programu za wavuti za Java, kama miunganisho inasimamiwa na Tomcat yenyewe, draiva iwekwe kwenye folda ya lib ya Tomcat. Ukiiweka ndani ya programu yako, Tomcat haitaiona. Basi, tuendelee.

Fundi aliyetangulia alikuwa amefungua folda ya kompyuta ya Malaba kupitia VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, ili seva ya Kampala isome faili lile kana kwamba liko kwenye diski yake. Kwa hifadhidata yenye seva, kama PostgreSQL au SQL Server, umbali si tatizo kubwa: unatuma swali, kule mtu anatafuta, anakurudishia mistari kumi. Access haina mtu wa kutafuta. Ni faili tu. Anayetaka mistari kumi lazima avute yeye mwenyewe kurasa za faili kupitia waya, na kama draiva yake inanakili kila kitu kwanza, avute lote. Intaneti ikikatika katikati, na hapa hukatika, kinachobaki ni muunganisho uliokwama na karani wa mizani anayelalamika kwamba programu yake imeganda.

Karani huyo, mama mmoja ambaye kila mtu pale yadi humwita Mama Mizani, aliniambia waziwazi: “Fundi, kabla hamjaanza kuangalia kutoka Kampala, kitu changu kilikuwa kinaenda vizuri.” Alikuwa na haki. Chanzo cha data kikiwa ni kazi ya mtu, kumsoma ni kumwingilia.

Tukakubaliana hakuna kusoma kutoka Kampala. Niliandika programu ndogo ya Java inayokaa kulekule Malaba, kwenye mtandao wa ndani wa yadi. Inafungua faili, inachukua tiketi zenye namba kubwa kuliko ya mwisho iliyotumwa, inafunga, na kuzituma kwenye PostgreSQL Kampala. Ikishindwa kutuma, inazihifadhi na kujaribu tena baadaye. Upande wa kupokea, amri ya kuingiza ina ON CONFLICT DO NOTHING kwenye namba ya tiketi, ili tiketi ikitumwa mara mbili isihesabiwe mara mbili. Ukurasa wa mzee unasoma PostgreSQL peke yake. Haujui kama kuna Access duniani.

Mpango huu ulipata mtihani wake mapema. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikarudi tarehe 18. Siku hizo malori hayakusimama yote, mizani iliendelea kupima, karani aliendelea kuandika, na ofisi ya Kampala ilikuwa inaulizia uzito kwa simu za kawaida, mtu anasoma tarakimu, mwingine anaandika kwenye daftari. Intaneti iliporudi, ile programu ya Malaba ilituma tiketi zote zilizorundikana, moja baada ya nyingine, na daftari la simu likatumika kukagua. Kama ukurasa ungekuwa bado unavuta faili moja kwa moja, mzee angeona skrini tupu na mimi ningeonekana ndiye niliyezima intaneti.

Jambo la pili lililonishughulisha sana Malaba ni ng'ombe.

Msimbo wa zamani ulikuwa unatunga SQL kwa kubandika maneno: ukichukua maelezo ya mzigo, unayazungushia alama za nukuu moja, unayaingiza kwenye sentensi ya INSERT. Kwa saruji, kwa mchele, kwa mabati, ilikwenda. Siku lori lilipobeba ngozi za ng'ombe, ile alama ya ng' ilisomwa na hifadhidata kama mwisho wa maandishi, na herufi zilizobaki zikawa amri isiyoeleweka. Tiketi ilikataliwa. Makarani walikuwa wamegundua dawa yao wenyewe: wanaandika “ngombe”. Kwa majina ya watu hawakuweza. Dereva anayeitwa Ng'ang'a au Wang'ombe anataka jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye leseni, na kwenye kumbukumbu za zamani nilikuta dereva mmoja yuleyule akiwa na majina matatu tofauti, kila moja likiwa jaribio la kukwepa alama hiyo.

Vitabu vingi hufundisha PreparedStatement kwa hofu ya mdukuzi, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini katika Afrika Mashariki huhitaji mdukuzi. Lugha yenyewe inatosha. Unaandika INSERT yenye alama za kuuliza mahali pa thamani, kisha unaipa draiva kila thamani kando. Draiva inazipeleka kama data, haizichanganyi na amri, na ng'ombe anapita na alama yake. Kubadilisha msimbo hakukuwa kazi kubwa. Kuwarudisha akina Ng'ang'a watatu kuwa mtu mmoja ndiko kulikokula muda, na hapo hakuna draiva itakayokusaidia, ni kukaa na makarani na kulinganisha namba za leseni.

Saa nazo zilitaka mazungumzo. Access huhifadhi tarehe na saa bila kusema ni za wapi. Kompyuta ya Malaba iko kwenye saa za Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, na seva yetu ya Kampala, ambayo kwa kweli ni mashine ya kukodi iliyo nchi nyingine, iko kwenye UTC. Ukizipitisha saa hizo kama zilivyo, kila mmoja anazitafsiri kwa ukanda wake. Ukurasa ulionyesha lori limepimwa saa tatu baada ya kuondoka yadi. Mzee aliuliza kama lori lilirudi. Sasa ile programu ya Malaba inaambatisha ukanda wa Africa/Kampala kabla ya kutuma, na safu ya PostgreSQL ni ya aina inayozingatia ukanda. Karani anapoandika kwenye maelezo “limefika saa nne usiku”, hiyo tumeiacha ibaki maandishi, hakuna anayejaribu kuigeuza tarakimu.

Upande wa uhasibu mambo yalikuwa tofauti. Huko kuna seva ya kweli, na kuna Hajati, mhasibu mkuu, ambaye hifadhidata ile anaiona kama droo ya meza yake. Aliyeuza programu ya uhasibu alinipa nywila ya “sa”, akaunti yenye mamlaka yote, kwa ujumbe wa simu. Niliikataa kwa adabu. Nilimwomba Hajati anipe kitu kidogo: mwonekano mmoja, yaani view, wenye namba ya ankara, namba ya lori, kilo na tarehe, na akaunti yenye haki ya kusoma mwonekano huo tu. Jedwali la wateja lina simu na vitambulisho vya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 hapa Uganda, sitaki data ya watu ambayo kazi yangu haiihitaji. Pia, nikishindwa kuiona, siwezi kuiharibu. Hajati alifurahia hoja hii ya pili zaidi.

SQL Server Express inapowekwa mara ya kwanza haisikilizi mtandao. TCP/IP imezimwa, na lazima mtu aiwashe. Ukiiwasha, inaweza kuchagua poti yoyote kila inapoanza upya. Tukaipa poti (namba ya mlango wa mtandao) 1433 isiyobadilika, faiwoli, ule ukuta wa kulinda mtandao, ikafunguliwa kwa anwani ya seva yetu peke yake. Hayo yalikuwa ya siku moja.

Kilichosumbua ni ukimya. Kufungua muunganisho mpya kwa kila ombi ni ghali, kwa hiyo tunatumia bwawa la miunganisho, HikariCP kwa upande wetu, linaloweka miunganisho wazi na kuiazima. Kati yetu na Hajati kuna faiwoli inayotupa miunganisho iliyokaa kimya muda mrefu, na inaitupa bila kumwambia yeyote. Bwawa linadhani muunganisho upo hai, swali linatumwa, jibu halirudi, na draiva ya Microsoft kwa kawaida yake haina kikomo cha kungoja, kwani socketTimeout yake ni 0, maana yake ngoja milele. Asubuhi ya kwanza ukurasa unazunguka tu. Nililetewa lawama ya intaneti, lawama ya umeme, lawama ya seva. Dawa ilikuwa mistari miwili: kikomo cha kungoja kwenye anwani ya draiva, na maxLifetime ya bwawa, ambayo kawaida ni dakika 30, ikashushwa chini ya muda wa ile faiwoli. Kama kuna kitu kimoja ninachokagua kwenye msimbo wa wengine, ni hicho: umeweka kikomo cha kungoja au umewaachia wenye draiva wakuamulie?

Mwisho wa mwezi kulikuwa na shida nyingine. Hajati akifunga hesabu, anaandika mistari mingi kwa wakati mmoja, na SELECT yetu ya ripoti ilikuwa ikigombania kufuli na uandishi wake. Yeye anaona programu imesita, anajua nani wa kumpigia. “Mwanangu, umeingia tena?” Tukahamisha usomaji uwe usiku, ukichukua ankara mpya tu na kuziweka PostgreSQL, kama za mizani. Mzee anaona ankara za jana badala ya za dakika hii, na hilo lilimtosha. Alichotaka ni asubuhi.

Kisha zikaja kalenda za wengine. Aprili 2021 masasisho ya Java yalizima TLS 1.0 na 1.1, njia za zamani za usimbaji fiche. Seva ya Hajati ilikuwa toleo la 2008, ambalo Microsoft waliacha kulihudumia mwaka 2019, na kwa jinsi lilivyokuwa limewekwa pale halikujua njia mpya. Hakuna aliyegusa programu yetu, hakuna aliyegusa hifadhidata, sasisho la kawaida la usalama likapita kwenye seva na muunganisho ukakataa. Wako watakaokuambia uirudishe TLS 1.0 kwa kubadilisha faili moja la mipangilio. Inawezekana, na kwa siku mbili tatu huenda ukalazimika. Sisi tulimshawishi mzee apandishe SQL Server. Mwaka uliofuata, draiva ya Microsoft toleo la 10.2 ikabadilisha mpangilio wake wa kawaida: usimbaji fiche ukawa lazima isipokuwa ukisema vinginevyo, na cheti cha seva, yaani kitambulisho chake, kikaanza kukaguliwa. Cheti cha Hajati kilikuwa kimejitengeneza chenyewe, kikakataliwa. Mtandaoni jibu la haraka ni kuweka trustServerCertificate iwe true, na ukurasa unarudi, ila hapo umemwambia draiva aamini yeyote atakayejibu kwenye poti ile. Tulitengeneza cheti cha ofisi na kukisajili kwenye seva yetu. Tangu hapo toleo la draiva limeandikwa kamili kwenye faili la mradi, na halipandi mpaka lijaribiwe dhidi ya nakala ya hifadhidata.

Faili la Access bado lipo Malaba. Haliwezi kuzidi GB 2, na linasogea huko, kwa hiyo mzee ameamua kununua mizani mpya yenye programu mpya. Muuzaji alipokuja na karatasi zake, mzee alinisogezea kiti nikae naye. Nilimuuliza hifadhidata yake ni ipi, akasema MySQL. Nikamuuliza saa zinahifadhiwa kwa ukanda upi, na toleo likipandishwa nani ataarifiwa. Hilo la ukanda alilijibu papo hapo, hilo la toleo akaandika kwenye daftari. Kisha akasema, kwa ukarimu, kwamba atanitumia nywila ya root, akaunti yenye mamlaka yote ya MySQL, jioni hiyo.

“Nitumie akaunti ya kusoma tu,” nikamwambia, “na mwonekano mmoja wenye tiketi, namba ya lori, kilo na saa.”

Akamtazama mzee. Mzee akamwambia, “Mpe anachotaka, huyu hata Hajati amemshinda.” Akaunti ilikuja wiki iliyofuata, ina haki ya SELECT peke yake, na poti 3306 imefunguliwa kwa anwani moja.